Ng'ombe Wasiingizwe Malishoni Nyasi Zikiwa Changa

Kosa linalorudiwa kila mvua za kwanza zinaponyesha katika mikoa ya wafugaji ya Tanzania ni kuwaingiza ng'ombe malishoni mara tu ardhi inapoanza kuwa kijani, na barua za wasomaji zinaonyesha kwamba wengi hufanya hivyo wakiamini kuwa wanaiokoa mifugo iliyokondeshwa na kiangazi. Majani hayo ya mwanzo huchipuka kwa akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina tangu msimu uliopita. Yakiliwa kabla hayajaweza kujitengenezea chakula, nyasi hulazimika kuichota tena akiba ileile, na baada ya kuliwa hivyo mara kwa mara mizizi hufupika, shina hufa, na mahali pake huota magugu na vichaka ambavyo ng'ombe hawavigusi.

Wala ng'ombe mwenyewe hashibi. Mnyama wa kilo 250 huhitaji takribani kilo 6 za malisho kwa siku zikipimwa pasipo maji yaliyomo, na kwa kuwa nyasi changa huwa na maji kiasi cha asilimia 80, itambidi ale kilo 30 za majani yenye kimo cha vidole viwili, kazi asiyoimaliza hata akishinda malishoni kutwa. Matokeo yake huharisha, hutembea mwendo mrefu na kuzidi kukonda. Mfugaji anayetaka kujua kama wakati umefika ashike fungu la nyasi na kulivuta kwa nguvu kama ulimi wa ng'ombe unavyolivuta, na liking'oka na mizizi yake, basi mifugo isubiri.

Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, utaratibu uliofufuliwa kwa bidii na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986. Asiyetenga eneo la namna hiyo huishia mikononi mwa madalali: ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo wilayani Simanjiro, na ni katika majira kama hayo ambapo ng'ombe hununuliwa zizini kwa bei ya kutupa, huku mabua yasiyo na lishe yakiuzwa kwa bei ya nyasi nzuri, jambo lisilostahili kuvumiliwa. Njia ya mkato ya kuchoma mbuga ili ichipue haraka haisaidii, kwa maana huilazimisha mizizi kutumia akiba yake ilhali udongo hauna unyevu.

Kwa waliopanda boma rhodes, nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, kwani baada ya hapo protini hupungua na bua hukakamaa. Zianikwe siku mbili tatu zikigeuzwa, zifungwe marobota, kisha zipangwe juu ya chaga chini ya paa, kwa sababu robota linalogusa udongo huota ukungu unaoweza kuwadhuru ng'ombe.