Usikiache Chombo Kinachoelea

Ndugu msomaji, soma habari hii polepole. Kisha jibu maswali yaliyo mwisho.

Kule Uingereza kuna mashindano ya mashua za matanga yaitwayo Fastnet. Yalianza mwaka 1925, kwa mashua 7 tu. Fastnet ni jina la mwamba ulio baharini, kusini magharibi ya nchi ya Ayalandi. Mwamba huo una mnara wa taa. Mashua hutoka Uingereza na kuuzunguka mwamba. Mwaka 1979 zilirudi Uingereza. Mwaka 1979 safari yote ilikuwa zaidi ya kilomita 1,100. Washindani hawatumii injini. Ni tanga na upepo tu.

Mashua hizo huitwa yoti. Chini yake kuna mkuku mzito wa risasi au wa chuma. Yoti ikilazwa na upepo, uzito huo huirudisha wima. Hata ikipinduka juu chini, mara nyingi huinuka yenyewe. Shika sana jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu.

Tarehe 11 Agosti 1979, yoti 303 ziliondoka bandari ya Cowes. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, tufani ikawakuta baharini. Upepo ulipita kasi ya kilomita 90 kwa saa. Mawimbi yalikuwa na urefu wa mita 10 na zaidi. Milingoti ilivunjika, sukani zikakatika. Mabaharia wengine walitupwa majini, na mikanda yao ya kujifungia ikakatika. Yoti nyingine hazikuwa na redio ya kuitia msaada.

Basi, wengi waliingiwa na hofu. Walidhani yoti zao zinazama. Wakashusha maboti ya mpira yanayojazwa upepo, wakaingia humo. Yoti 24 ziliachwa na watu wake.

Yoti moja iliitwa Trophy. Watu wake wanane waliiacha, wakaingia kwenye boti la mpira. Wimbi likalipasua boti hilo vipande viwili. Watatu wakafa. Na Trophy je? Ilikutwa baadaye, bado inaelea!

Helikopta, meli za kivita na mashua za uokoaji ziliokoa watu zaidi ya 130. Lakini washindani 15 walikufa. Saba kati yao walikufa katika ajali za maboti ya mpira. Yoti walizoziacha watu hao saba zilikutwa zinaelea, zikavutwa mpaka bandarini. Kati ya zile yoti 24, ni 5 tu zilizopotea.

Baada ya msiba huo uchunguzi ulifanywa. Masharti ya mashindano yakakazwa. Redio ya kuitia msaada ikawa lazima. Na mabaharia wakakumbushwa: usikiache chombo mpaka kiwe kinazama kweli, au kinaungua moto.

Sisi wavuvi tunajifunza nini? Mashua na ngalawa zetu hazina mkuku wa risasi. Zikipinduka haziinuki zenyewe. Lakini mbao huelea. Kwa hiyo chombo kikipinduka, kishikilieni wote pamoja. Msiseme, "Pwani si mbali, tuogelee." Pwani huonekana karibu kumbe ni mbali, na maji baridi humaliza nguvu upesi. Tena anayewatafuta ataona mashua mapema kuliko kichwa cha mtu. Na boya livaliwe kabla ya kutoka, siyo wakati wa dhoruba.

MANENO YA KUJIFUNZA
Mkuku: sehemu ya chini kabisa ya chombo, toka mbele mpaka nyuma.
Tufani: upepo mkali sana wenye mawimbi makubwa.
Risasi: madini mazito. Wavuvi huyatumia kuzamishia nyavu.

MASWALI
1. Mkuku mzito una kazi gani?
2. Yoti 24 ziliachwa, 5 zikapotea. Ngapi zilipatikana?
3. Kwa nini watu wa Trophy waliiacha yoti yao?
4. Mashua yenu ikipinduka, mtafanya nini? Zungumzeni darasani.