Hesabu ya Motokaa Mbili za Mbio

Mtu atakaye kununua motokaa ndogo ya mbio huuliza kwanza, "Ina nguvu za farasi ngapi?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi.

Tutazame Suzuki Swift Sport iliyotoka Japani mwaka 2017. Ina nguvu za farasi 140 na uzito wa kilo 970. Volkswagen Polo GTI ya mwaka 2018 ina nguvu 200, ila uzito wake ni karibu kilo 1,300. Sasa gawanya uzito kwa nguvu. Kila farasi wa Suzuki abeba kilo 6.9, na wa Volkswagen kilo 6.5. Kumbe zile nguvu 60 za ziada, nyingi zafanya kazi ya kuvuta chuma cha gari lenyewe!

Lakini wapande watu wanne wa kilo 70 kila mmoja, hesabu hugeuka. Farasi wa Suzuki sasa abeba kilo 8.9, na wa Volkswagen 7.9. Gari jepesi huusikia mzigo upesi zaidi. Kwa hiyo kijana aendaye peke yake naona yamfaa Suzuki. Mjomba wangu, aliyenituma nimfanyie hesabu hizi, ana mke na watoto watatu.

Petroli haiwatenganishi, maana zote mbili zataka ile ya okteni ya juu. Liko jambo la tumbo. La Suzuki li sentimita 12 tu juu ya barabara, tena bila abiria. Nimemwambia mjomba achukue rula akapime matuta ya njia ya kwao kabla hajatoa hata shilingi.