Vidole vya mama na kipimo cha MRI

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 62. Vidole vyake vimeota vinundu karibu na kucha na vinamuuma, lakini eksirei haikuonyesha mengi. Tumpeleke MRI?

Jibu: Msikimbilie huko. Eksirei huonyesha mifupa: nafasi ya kiungo iliyopungua, vichomozo pembeni. Watafiti Kellgren na Lawrence walizipangia dalili hizo ngazi 0 hadi 4 mwaka 1957, nazo zingali zikitumika. Utando uliovimba ndani ya kiungo hauonekani vizuri hapo, ndiyo maana maumivu na picha mara nyingi havilingani. Usimdhanie mama anadeka! Ultrasaundi huuona uvimbe huo, bila mionzi. Kwa umri wake na vinundu hivyo, daktari akivishika vidole aweza kuutambua ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo bila picha. Ila vikikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, achunguzwe baridi yabisi.