Mafungo Huanzia Stendi: Mafunzo Niliyopata Njiani Kwenda Lushoto

Kikundi chetu cha sala, wengi wetu wauguzi, hufanya mafungo kila mwaka. Mwaka huu tulikwenda Lushoto, milima ya Usambara, mwezi Juni. Wenzangu walikodi Kosta wakatangulia. Mimi nilibanwa na zamu, nikaondoka Dar es Salaam kesho yake, peke yangu. Haya ndiyo niliyojifunza siku ile.

1. Panda basi la alfajiri

Pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, mabasi ya kaskazini huanza kutoka kabla jua halijachomoza. Chukua la mwanzo. Barabara ya Chalinze ina malori mengi, na kila saa unayochelewa mjini utailipa huko mbele. Msafiri wa Lushoto ana sababu ya ziada: kutoka Mombo kupanda mlimani ni kilomita 30 na kidogo tu, lakini ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Malori ya kabichi na karoti yanashuka, nanyi mnapanda. Hapo si pa kupita gizani, hasa kwa mwanamke aliye peke yake na asiyejua atashukia wapi. Kabla ya kuondoka, mtumie mwenyeji wako jina la basi na namba zake za usajili.

2. Msalimie jirani yako

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo anayerudi kwao Soni, amepakata kikapu kilichofunikwa kitenge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha tukanyamaza hadi tulipovuka Daraja la Wami. Ndipo akaniuliza, "Unakwenda kwa nani, mwanangu?" Nikamwambia nakwenda mafungo, kunyamaza na kusali. Akafikiri kidogo. "Vizuri," akasema. "Ila ukifika, usinyamaze kabla hujawasalimia watu wa pale. Wapishi, mlinzi, wote. Ukiwapita kimya, hiyo siyo sala."

Nimehudhuria mafungo mengi na kusikiliza wahubiri wazuri. Sikumbuki neno lililonikaa kama hilo. Angekuwa nami mwenzangu wa kikundi kwenye kiti kile, tungezungumza yetu mpaka Mombo, na mama yule angeshuka Soni bila mimi kumsikia.

3. Utunze mwili kabla haujalalamika

Hili nalisema kama muuguzi. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari; ukishaanza kutapika umechelewa. Korogwe kula kidogo, acha chipsi zenye mafuta. Kwenye kona usisome simu: tazama mbali, mbele ya gari. Mombo ni mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400, kwa hiyo masikio yataziba njiani. Meza mate au piga miayo, yatazibuka. Na hewa hupoa kwa takriban digrii 6 kila ukipanda mita 1,000, mbali na ukungu wa Juni. Wajerumani walipaita Wilhelmstal na wakapapenda kwa sababu ya ubaridi huohuo. Sweta iwe mkononi, isiwe kwenye begi lililofungiwa ndani ya buti.

4. Njia ndiyo siku ya kwanza ya mafungo

Nilikuwa nimetoka wodi ya watoto. Wanaofanya kazi huko wanajua: zamu inaisha, lakini sauti za watoto haziishi. Kutoka Segera kuelekea Korogwe kuna mashamba ya mkonge, mistari mirefu iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, na sijui ni nini katika mistari ile, lakini hapo ndipo nilipoanza kulia. Sikulia kwa sauti. Nilimkumbuka mtoto mmoja na mama yake, nikawaombea kwa majina, nikaendelea na mwingine, na mwingine. Mama wa Soni aliona. Hakuuliza kitu; alifunua kikapu akanipa chungwa ambalo alikuwa ameshalimenya.

Kwenye Kosta ya kikundi pangekuwa na nyimbo na vicheko, na ninavipenda. Lakini najua ningefika na wodi nzima kifuani, nikaketi kwenye mada ya kwanza nikiandika maneno ya mhubiri huku moyo uko Dar. Safari ya peke yako inakupa saa za kushusha mzigo pasipo mtu anayekutegemea, wala anayetaka kukufariji haraka. Kwa watu wa kazi zetu, nafasi hiyo ni adimu sana. Nilipofika Mombo nilikuwa mwepesi, na milima ilisimama mbele yetu ghafla kama ukuta.

5. Simu iseme mambo mawili tu

Nimepanda. Nimefika. Makundi ya kazini yanaweza kusubiri, na mlimani mtandao wenyewe unakuja na kwenda.

6. Ukifika, usikimbilie kikao

Wenzako wameshalala pale, wana mazungumzo waliyoyaanza bila wewe. Usione wamekuacha. Nilipofika nyumba ya mafungo nilifanya nilivyoagizwa: nilianzia jikoni, nikamsalimia mpishi na kijana wa kuni, nikapita kwa mlinzi. Kisha nikaomba maji ya moto, nikaoga, nikalala kidogo. Jioni, wenzangu waliponikaribisha kwenye moto, nilikuwa tayari kuwasikiliza, na baadaye nikawasimulia habari za mkonge.

Sasa nina ombi kwa viongozi wanaopanga mafungo. Msilazimishe wote wapande gari moja. Anayetaka kuja peke yake, mpeni ruhusa, mwekeeni mtu wa kumpokea stendi kabla ya magharibi, na siku hiyo msimpangie mada yoyote. Mpeni chai ya tangawizi na chumba, kesho atakuwa nanyi.