SOMO LA 9: HOMA YA BABA NA HOMA YA MTOTO

Baba na mtoto wanalala nyumba moja. Mbu wale wale wanawauma. Baba anapata homa kidogo, kisha anakwenda shamba. Mtoto anazidiwa. Kwa nini?

Mwili hujifunza polepole kupigana na malaria. Mtoto mchanga hupata kinga kutoka kwa mama yake. Baada ya miezi michache kinga hiyo hupungua, na yeye bado hajapata yake. Mwaka 2023, katika kila watu 4 waliokufa kwa malaria Afrika, karibu 3 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Bonde la Kilombero lina mbu wengi. Mtu aliyekulia huko ameugua mara nyingi tangu utoto. Mwili wake umezoea kupigana. Anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu, na asiugue. Lakini mbu huvichukua kwake na kumpelekea mtoto.

Mtu aliyekulia Makete, kwenye baridi, hana kinga hiyo. Akishuka Kilombero kulima mpunga, anaweza kuugua sana, ingawa ni mtu mzima. Hata mwenyeji akihama miaka mingi, kinga yake hupungua.

Basi, usipime homa ya mtoto kwa mwili wako. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Nyumba nzima ilale ndani ya vyandarua vyenye dawa.

Maswali
1. Kwa nini mtoto huugua kuliko baba?
2. Mgeni kutoka Makete afanye nini akipata homa?