Majivu ya Lengai: safisha maji na malisho kwanza

Ol Doinyo Lengai ulipolipuka Septemba 2007, majivu yaliendelea kuanguka kwa vipindi hadi mwaka 2008, na kaya za karibu na mlima zilihama na mifugo yao. Mlima bado u hai.

Majivu yakitua, wengi hukimbilia kufagia nyumba. Nyumba itasubiri. Mnyama hasubiri, maana anakula palepale yalipoanguka. Majivu ya volkano yanaweza kubeba floridi, ambayo ikizidi ni sumu. Ng'ombe aliyeimeza kwa wingi hukataa kula, hutokwa mate, huchechemea, na anaweza kufa. Ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, huharibu meno na mifupa ya ndama. Hata yasiyo na sumu husaga meno na kujaa tumboni kama mchanga.

Majivu ya Lengai yana magadi, na mifugo yetu imezoea kulamba magadi. Usiwaache wayalambe ukidhani ni chumvi ya bure. Wape chumvi yao safi zizini, pamoja na mabua au nyasi zilizohifadhiwa mahali palipofunikwa. Kama huna akiba, hamisha kundi mapema kwenda yasikofika majivu. Tanguliza wenye mimba, wanaonyonyesha na ndama. Nyasi za kukata zikung'ute, kisha zisuuze.

Mwaga maji yote ya birika, lisugue, jaza upya, funika. Maji ya mvua ya kwanza kutoka kwenye bati yasinywewe na mtu wala mnyama. Mvua husafisha majani, lakini uchafu wote huo huteremkia korongoni na lamboni.

Sasa nyumba. Funga barakoa, au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Watoto wakae mbali. Nyunyiza maji kidogo tu ili vumbi litulie. Majivu yaliyolowa chapachapa ni mazito na yanaweza kuangusha paa, hasa paa bapa la udongo, kwa hiyo yaondoe kabla ya mvua. Yafukie shimoni, mbali na kisima na njia ya maji. Osha viwele kabla ya kukamua, na macho yanayotoa machozi yasafishe kwa maji safi.

Mnyama akifa ghafla, usimchune wala kula nyama yake ukisema ni majivu tu. Kimeta nacho huua ghafla. Mzoga usipasuliwe, mwite afisa mifugo wa kata.