Mviringo wa Kuvu Uwanjani: Tiba Iko Udongoni

Mvua zikishika huku kwetu Mulungwishi, uwanja wa majani unaweza kuota mviringo: ukanda wa kijani kilichokoza, mara nyingine majani yamekauka kando yake, na uyoga umejipanga juu. Ni kazi ya kuvu inayokula visiki, mizizi na mabaki mengine yaliyofukiwa. Hukua kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo mviringo hupanuka kila mwaka. Doa la mbolea iliyomwagika au la mkojo wa mbwa halifanyi hivyo. Mtu atauliza: majani yakistawi, ugonjwa uko wapi? Kuvu ikiozesha mabaki huachia naitrojeni, na majani hunawiri. Lakini nyuzi zake nyeupe zikisongamana, udongo hukataa maji, na mizizi hufa kwa kiu hata wakati wa mvua. Ndiyo maana hatushauri kuanza na dawa ya kupulizia. Dawa za kuvu zipo, ila haziwezi kupenya udongo unaokataa maji, na kisiki kikibaki chini, chakula cha kuvu kimebaki. Katika nchi hii ya miombo, ambako viwanja vingi vilikuwa msitu, kisiki ndicho cha kushukiwa kwanza. Kichimbueni. Kisha toboeni ukanda wote na pembeni yake kwa uma wa bustani, sentimita 10 hadi 15, mkamwagilia polepole maji yenye sabuni kidogo ili yazame. Fanyeni hivyo tena na tena, hasa kabla ya kiangazi kuanza mwezi wa Mei. Mbolea kidogo husawazisha rangi tu, haiponyi.

Linalotutia hofu zaidi ni uyoga huo kuingia sufuriani. Uyoga mmojawapo wa viwanjani katika nchi za joto, Chlorophyllum molybdites, una kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, nao husababisha kutapika na kuhara vikali saa chache baada ya kuliwa. Wengi watajibu kwamba bowa, yaani uyoga, wa vichuguu huliwa tangu enzi za mababu. Ni kweli, na ni chakula kizuri. Lakini shina lake hushuka ardhini hadi kwenye kiota cha mchwa. Huu wa uwanjani hauna shina kama hilo, na mikunjo iliyo chini ya kofia hugeuka kijani ukikomaa. Ukiwa mchanga mikunjo ni myeupe bado, kwa hiyo rangi peke yake isiwe kipimo: uyoga wa uwanjani usiliwe, na watoto wazuiwe kuuchuma. Aliyekula akaanza kutapika apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na uyoga uliobaki.